Thelathini ya Kitanda cha Nne

Wodi nzima ya watoto njiti ilimwita muuguzi huyu Bi Thelathini, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kwa miaka kumi na minne, kila alipopaka dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi ya mtoto, alihesabu hadi thelathini ili ikauke, ndipo abandike plasta. Wanafunzi wa uuguzi walimwiga nyuma ya mlango; alijua, akajifanya hajui.

Sasa plasta moja ilikuwa inamnyima raha. Mtoto wa kitanda cha nne, gramu mia tisa tu, alikuwa na mrija mwembamba kama uzi, umeingilia mkononi hadi karibu na moyo. Chakula chake chote kilipita humo, na mishipa mingine ilikuwa imeshachomwa mpaka basi. Lakini plasta iliyolinda tundu la mrija, kila ikibandikwa upya pembe moja huinuka. Hapo vijidudu vimefunguliwa mlango.

"Ikiinuka tena baada ya kubadilishwa mara ya tatu, mrija nautoa," daktari alisema. "Siwezi kungoja damu iingiwe na vijidudu."

Bi Thelathini akageuka mpelelezi. Alikagua boksi la plasta, tarehe haijapita. Alipima unyevu ndani ya inkubeta, akakuta sawa na kwa wengine. Alimshuku hata muuguzi wa zamu ya jioni, akamchungulia siku mbili nzima, akamkuta hana kosa, akaona haya. Mbona vitanda vingine plasta inashika wiki nzima?

Jumatano alianza kubadilisha kwa mara ya tatu. Mama wa mtoto alisimama kando, barakoa usoni.

"Ishirini na tisa, thelathini," Bi Thelathini alimaliza, plasta mkononi.

"Sista, usinikasirikie," mama alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hapa sina kazi ila kuangalia saa ya ukutani. Thelathini yako ni sekunde kumi na nane."

"Haiwezekani, mama."

"Kwa kitanda cha tano ilikuwa thelathini kamili. Kwa mwanangu tu ndiyo unakimbia."

Bi Thelathini aliinama. Ngozi ya mtoto bado ilimetameta kwa dawa. Plasta haishiki penye unyevu. Alikuwa anamwogopea mtoto huyu, hilo ndilo lililokuwepo. Mikono yake ilitaka kuliziba lile tundu upesi kabla baya halijaingia.

"Basi hesabu wewe," alisema, akachukua pamba mpya na kuanza upya.

Mama alihesabu macho kwenye saa, bila kuruka hata moja, yeye aliyekuwa na sababu ya kuharakisha kuliko wote. Alipofika thelathini, ngozi ilikuwa kavu.

Jumapili daktari alitazama pembe zote nne za plasta, akazikuta zimeshika, akaandika mrija ubaki. Wanafunzi nao wakalihamisha jina la Bi Thelathini kwa mama, na mwenye jina hakulidai.