Mchungaji wa Mlangoni

Mimi ni mlinzi kwenye jumba la michoro hapa London. Jumamosi nilimpeleka mama mkwe na binti yangu Neema waone kazini kwangu. Nilisahau kuwa ukumbi wangu una mchoro wa mungu wa kike wa mapenzi, uchi, kitandani na mwanajeshi.

"Baba Neema, hawa ni nani?"

Nilitazama viatu vyangu. "Maharusi, mama. Huyo mwenye mabawa ni malaika wao."

"Na anayechungulia mlangoni?"

Jasho likanitoka. "Mchungaji. Amekuja kuwabariki."

Mama mkwe alifurahi, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la kanisa na maelezo yangu yote. Neema alikuwa akisoma kibao cha ukutani.

"Bibi, si pastor. Ni husband wake, amewakamata."

Simu ikalia mkononi mwa mama mkwe. Mchungaji wetu alikuwa ameshajibu: "Amina."