Roboti ya Mitungi Sokoni Migwani

Baba na mama wakikosana walikuwa wanaongea kwa mbwa. Baba anakaa kwa kiti chake, anasema, "Mwambie mama yako isyo hii ya mahindi na maharagwe haina chumvi." Mama naye anamwambia mbwa huyo huyo, "Mwambie mzee chumvi iko dukani, na miguu anayo." Mbwa anatikisa mkia pande zote mbili. Alipokufa, nyumba ilinyamaza mpaka tukaletewa mwingine kutoka Kyuso, na huyo alikuwa mkali, hakuna aliyethubutu kumtuma.

Mimi na kaka yangu mkubwa tulikaa miaka bila salamu, juu ya fahali wake aliyekula ndengu zangu. Sasa mbuzi za ntheo, zile za kufunga uchumba wa binti yangu, zilikuwa njiani, na kwa vile baba hayuko, ni kaka wa kuzipokea. Asipokuja, wakwe wanarudi na mbuzi zao.

Basi msanii mmoja, msichana wa chuo, akaleta roboti sokoni Migwani. Mwili ni mitungi ya plastiki, kichwani sola. Unaiambia neno upande huu, inageuka inamwambia mwenzako upande ule, ila matusi inayaondoa. Msichana alisema hiyo ni sanaa. Mimi niliona mbwa wa baba amefufuka.

Watu walipanga foleni ya kutukana. Muuza nyanya akasema, "Mwambie huyu jirani ni fisi, anakula wateja wangu!" Roboti ikageuza shingo: "Jirani, ningefurahi tukigawana wateja." Jirani akalia kwa leso. Kufikia saa sita hata bei ya vitunguu iliulizwa kupitia roboti, na watu wamesimama bega kwa bega.

Kaka alikuwa amekuja kununua kamba ya ng'ombe. Wakamsukuma upande ule, mimi upande huu.

"Mwambie huyo mzee kichwa ngumu aje apokee mbuzi," nikasema. "Asiaibishe msichana juu ya fahali wake mjinga."

Roboti ikageuza shingo. "Kaka mpendwa, mahali pako nyumbani pako wazi. Njoo usimame alipokuwa baba."

Kaka akavua kofia. Akaizunguka mitungi, akaja mbele yangu mpaka nikasikia harufu ya ugoro wake.

"Ndugu yangu, hayo ni yako ama ni ya plastiki? Sema wewe, nitakuja."

Maneno yalijaa kifuani, sitadanganya. Lakini mnajua nilizaliwa nyumba gani. Nikageuka, nikainama kwa roboti. "Mwambie ni mimi nimesema."

Kaka akarudisha kofia kichwani, akachukua kamba yake, akashika njia. Roboti ilikuwa bado inamwita mpendwa. Hakurudi siku ya mbuzi, wala siku nyingine.