Mjusi kwenye Shavu la Bibi Harusi

Katika ukoo wetu wa Kikomori, mimi ndiye wa kwanza kurudi Madagaska na diploma, tena ya elimu ya wanyama, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha sahani Ufaransa. Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikapata kazi ya kuwatembeza wageni Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be. Kila asubuhi mijusi wa kijani walishuka ukutani kulamba jamu kwenye meza za hoteli. Wahudumu waliwafukuza; mimi niliwachunguza. Sijaona mtu mwingine pwani ile aliyewajua kama mimi.

Ujuzi huo ulihitajika nyumbani kwetu Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, dada yangu mdogo alipokuwa anaolewa na kijana wa Nosy Be. Kijana hakuwa na mama. Shangazi yake ndiye aliyekuja kuusimamia upande wao, na neno lake halikuwa na rufaa.

Asubuhi ya harusi dada alikaa baraza ya uani, uso umepakwa msindzano, ule unga wa manjano wa mti wa sandali unaosagwa kwa maji. Bibi harusi wa Kikomori akishapakwa hatabasamu wala hasemi, maana ukikauka hupasuka. Mjusi wa kijani akashuka kutoka kwenye mnazi uliokuwa umechanua juu ya paa, akarukia shavu lake, akaanza kulamba. Dada hakutikisika. Shangazi alitoka jikoni na birika, akapiga kelele.

"Mjusi kafiri! Aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu! Mimi sipeleki nyumbani mke aliyebusiwa na mjusi. Ndoa hakuna."

Machozi ya dada yalichora mifereji kwenye manjano. Alimpenda yule kijana.

"Shangazi," nikasema, "huyu si yule mjusi kafiri wa usiku. Huyu ni wa mchana, anakula utamu wa maua. Ameona kitu cha manjano kimetulia juani, akadhani ni ua. Hajui bibi harusi ni nini."

"Miaka yote hiyo ughaibuni umekwenda kusomea mijusi?"

"Na nimefaulu. Nipake mimi. Akija kwangu pia, utasema mimi nina nuksi gani?"

Wanawake waliojaa uani walicheka hadi wakashika nguzo. Shangazi alinipaka mwenyewe, kwa mkono mzito, mpaka masikioni. Nikakaa pale pale alipokaa dada, nikaanza kuwafafanulia: kwamba jicho la mjusi huyu halina kope la kufumba, hulisafisha kwa ulimi, kwamba huona rangi ambazo sisi hatuzioni kabisa, kwamba...

"Kaka, nyamaza!" dada alinikatiza. "Ua gani linalohutubia?"

Alikuwa amesema kweli kwa mujibu wa sayansi. Kinachosogea, kwa mjusi, ni adui au ni chakula. Nikafunga mdomo. Msindzano ukakauka, ngozi ikanibana. Juu ya boriti kilichungulia kichwa cha kijani, kikainama upande mmoja, kikanipima kwa jicho moja. Mjusi akashuka nguzo, akasimama, akashuka tena. Kisha nikasikia vidole vyake begani, na ulimi mdogo wa baridi shavuni.

Shangazi alisogea taratibu, akainama karibu kabisa. Mjusi alimtazama bila kukimbia.

"Na mimi ananiona nani?" alinong'ona.

Alipocheka, mjusi alitoweka.

"Haya, msomi, kanawe," akasema. "Unatisha."

Akamwita dada, akamfuta machozi kwa ncha ya leso yake, akasaga msindzano mpya na kumpaka upya, safari hii kwa mkono mwepesi. Kisha akavuta kigoda, akakaa kando yake na kipepeo cha ukili, akimpepea mfululizo ili mjusi yeyote asije akakosea tena. Mpaka adhuhuri mkono wake haukupumzika.