Gari Lisilonguruma

Fundi miwani alilikodi lile gari la umeme kwa ajili ya kazi, apate kuwapelekea miwani wateja wasioweza kufika dukani kwake. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Ukiisha, ama ulirudishe kwa kampuni, ama ulinunue liwe lako.

Hakujua kwamba litageuka dawa ya mama yake. Mama, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu. Jua likianza kushuka tu, hakukaliki ndani: anautafuta mkoba wake, anataka kwenda kwao, anamwuliza bintiye, "Kwani wewe ni mtoto wa nani?" Siku moja binti, akiwa amechoka hoi, alimtia garini, akamfunga mkanda, wakazunguka mtaani. Gari halikunguruma wala kutetemeka. Hawajafika kwenye kona ya duka la dawa, mama alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi kama mtoto mchanga. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya kila jioni.

Mkataba ulipokaribia kuisha, fundi wa magari aliipima betri ya gari, akatikisa kichwa.

"Dada, sikufichi. Mwili mzima, moyo mgonjwa. Ukilinunua, muda si mrefu utatafuta betri nyingine, na bei yake utaijutia."

Kaka yake naye alikuwa na lake la kusema. Huyu alizoea kuja mara moja moja na matunda na ushauri, na ushauri ndio uliokuwa mwingi.

"Sasa hapo unanunua gari au kitanda?" aliuliza.

"Wewe umekaa na mama jioni ngapi?"

Kaka akaikoroga chai ambayo hata sukari hakuwa ameitia.

Siku zikawa zinakwenda, na kila binti akiamua kununua, asubuhi huamka ameamua kurudisha. Mpaka jioni moja, wakiwa njiani, mama akaacha kusinzia, akapapasa kiti.

"Gari la nani hili?"

"La kukodi, mama."

"Lirudishe kwa wenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Binti alicheka mpaka akasimamisha gari kando. Kisha kicheko kikamkauka. Ile ilikuwa sauti ya mama wa zamani, mama aliyekuwa akimtuma arudishe chekecheo la jirani kabla giza halijaingia. Ni akili iliyosema, au ni ulimi tu uliokumbuka njia? Hakujua. Lakini alikuwa amechoka kuamua peke yake, na hapa amepata wa kumwamulia. Wiki iliyofuata akakabidhi ufunguo.

Jioni ile ile mama alisimama mlangoni, mkoba kwapani. "Haya, twende."

"Gari limerudi kwa wenyewe, mama. Si wewe uliyesema?"

Mama akamtazama kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Kesho yake binti akaita teksi. Injini ilipounguruma, mama aling'ang'ania mlango na kupiga mayowe, hata dereva akasema hataki nauli, mama ashushwe tu. Asubuhi iliyofuata binti akapiga simu kwenye kampuni. Wakamjibu kwa upole kwamba gari lile limeshachukuliwa na mtu mwingine. Siku hiyo alikaa dukani akisaga kioo kimoja mpaka kikawa chembamba, hakifai kitu.

Ndipo akamwita kaka yake. Hakumlaumu. "Njoo uone jioni moja tu," alimwambia.

Kaka alikuja mikono mitupu. Mama alimwita mwizi, akampiga na mkoba begani, kisha akalia akimwomba ampeleke kwao. Alipotulia hatimaye, kaka alikuwa amekaa sakafuni jikoni, ameegemea kabati.

"Hukuniambia kama ni hivi."

"Nilikuambia. Ulinisikiliza kwa sikio la mgeni."

Siku hizi wanapokezana. Ikiwa zamu yake, kaka humshika mama mkono wakatembea taratibu hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Haimtulizi kama gari lilivyomtuliza. Kuna siku mama hukaa chini katikati ya njia akakataa kunyanyuka, na kaka husimama kando yake, akiwaashiria wenye magari wapite pembeni. Binti bado hajui kama alikosea. Anachojua ni kwamba jioni za kaka yeye hujinyoosha kitandani kidogo, viatu miguuni, kabla ya kuinjika chakula.