Nguzo za Ugiriki

Nikisikia harufu ya plasta mbichi, naikumbuka kirikuu ile, kigari cha mizigo. Baba, mwalimu wa historia aliyegeukia biashara ya nguo Guangzhou, alikuwa amemwahidi mama kumtembeza Ugiriki. Badala yake alitukalisha humo, juu ya marobota ya nguo kutoka soko la Shahe, na njia nzima ya kwenda bandarini Nansha akawa anasimama kwenye mageti ya majumba mapya yenye nguzo za Kigiriki za plasta mbichi.

“Hii ndiyo Olimpia. Simama hapo nikupige picha, mama watoto.”

Mama aliegemea nguzo, ikalia kama debe tupu.

“Baba watoto, turudi.”

“Bado Athene.”

Picha ile iko ukutani kwa bibi. Wageni wakiiona na kumuuliza mama Ugiriki kukoje, hujibu, “Kuna jua,” kisha huingia jikoni.