Ndoto Niliyoiota Kliniki

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, mume wangu alihamia Makambako kuuza mitumba, akaniacha Kifanya kwa mama yake nikiwa na mimba ya kwanza. Alinitumia sweta pana ajabu. Mwenye nalo wa kwanza lazima alikuwa jitu. Ndani yake mimba ya miezi sita ilijificha kabisa, na mama mkwe akafurahi. Kwake, kwenda kliniki mapema ni kuwatangazia majirani.

"Mimi nimezaa saba humuhumu ndani," aliniambia. "Nani alinipima?"

Hakusema kwamba alizika wawili. Nilijua, ndiyo maana niliogopa.

Nikaaga kwamba napeleka viazi sokoni Njombe, nikapanda lori la mbao. Viazi niliviuza haraka, kwa hasara, nikaingia kliniki ya hospitali. Nesi wa pale ulimi wake ulichoma kuliko sindano. Wajawazito wengine walichelewa kwenda kwa kumwogopa yeye tu. Akaniwekea kibomba tumboni, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto.

"Wako wawili. Hawa usithubutu kuwazalia nyumbani. Umesikia?"

Nikarudi na habari nisiyoweza kuisema. Siku ya nne, tukimenya viazi, nikajitosa.

"Mama, nimeota nanyonyesha mapacha. Mtu mwenye nguo nyeupe akaniambia wazaliwe hospitali."

Kisu kikasimama. "Nyeupe?"

"Nyeupe pee, mama."

Hapo sikudanganya, nesi alikuwa amezivaa.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kubishana na malaika. Wiki ileile akanipeleka mwenyewe, amevaa gauni lake la kanisani. Nesi aliponiona tu akaanza, "Wewe si ulikuja..." Nikakohoa hadi machozi. Akanitazama, akamtazama mama mkwe.

"Kumbe umekuja na mama mkwe! Karibuni." Akasikiliza tumbo upya, akajifanya kushtuka. "Mama, ni mapacha!"

"Tunajua," mama mkwe akajibu kwa maringo.

Siku ilipotimia, wa kwanza alizaliwa vizuri palepale hospitali. Wa pili alitanguliza miguu, na wakunga wawili walihangaika naye hadi akalia. Nje, mama mkwe alikuwa akisali Kibena kwa sauti, mlinzi akashindwa kumnyamazisha.

Tangu hapo, akimshuku binti yeyote pale kijijini kuwa ni mjamzito, alimuuliza waziwazi, "Umepimwa?" Akiambiwa bado, alivaa viatu ampeleke.