Nililiruka Neno Moja, Jirani Akamkosa Mama Yake

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Jambo hili nimelibeba tangu miaka michache baada ya Uhuru, na wengi waliolijua wameshatangulia. Leo nawaambia nyie.

Nilikuwa nimepanga chumba Buguruni. Kazi yangu ilikuwa kutunza bustani kwenye makaburi ya Wazungu, na kwa Kiingereza nilichookota kwa msimamizi wangu, nyumba nzima waliniita Karani. Mie jina hilo nililipenda kuliko nilivyostahili.

Asubuhi moja jirani yangu Mama Fidelis, mtu wa kusini, aliniletea telegramu kutoka hospitali ya misheni ya kwao.

"Karani, nisomee. Mama anaumwa tangu mwezi uliopita."

Maneno yalikuwa machache. La kwanza, mama. La pili "grave", neno nililolisikia kila siku kazini: safisha grave ile, fyeka pembeni ya grave hii. Kaburi. Mbele yake nikaona "asking". Hilo nalo nalijua, ni kuomba, ni kuuliza. Maiti anamuomba nani?

Wapangaji wamejaa mlangoni, wananitazama. Nikaona haya kusema sijaelewa. Nikaliruka.

"Pole, dada. Mama keshazikwa."

Akaanguka pale pale.

Meli ya Lindi ilikuwa inaondoka alasiri ile, na kwa masika yale barabara ya kusini haikupitika. Mtu mmoja akasema awahishwe bandarini. Mie ndiye niliyemkatisha: "Awahi nini, na mazishi yameshapita? Mwacheni alie na wenziwe." Tukatandika mikeka, tukaweka matanga.

Siku ya tatu akaja kutoa pole mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Akaomba aione telegramu. Akaisoma mara mbili, kisha akauliza polepole, "Nani kawaambia mama huyu amekufa?"

Macho yote yakanigeukia.

"Hapa wanasema yu mahututi, anamuulizia mwanawe, aje upesi."

Nikabisha. Nikasema grave ni kaburi. Mwalimu akakubali, ila akasema ziko grave mbili. Moja imetokana na neno la kale la Waingereza la kuchimba. Ya pili imetoka Kilatini, maana yake uzito, kama ugonjwa mzito. Zinaandikwa sawasawa, lakini si za ukoo mmoja.

Mama Fidelis hakungoja amalize. Alishaanza kufunga kanga zake.

Meli nyingine ilipatikana baada ya siku tano. Alipofika, mama yake alikuwa amezikwa jana yake. Wauguzi wakamwambia bibi alikuwa anauliza kila siku kama meli imeingia.

Aliporudi nilimfuata uani, nikapiga magoti. Nikamwambia neno lile lilinipita kimo. Alikuwa anasugua sufuria, hakuinua uso.

"Na lile jingine, kaka? Mwalimu kasema palikuwa na jingine, jepesi. Hilo nalo hukulijua?"

Mwezi ule ule nikahamia Temeke, na sijamsomea mtu barua tena.

Wewe unayeaminiwa karatasi za watu, likikushinda neno, sema limekushinda. Watakucheka mpaka jioni, kesho wamesahau. Mie siku ile sikuchekwa na mtu.